Mwewe wa Chumba cha Nyuma

Mwewe alirudi kwa dada yake juu ya mkokoteni. Mchukuzi mmoja alimkuta karibu na kituo cha mabasi, ameketi ukingoni mwa mtaro, anahema kama mtu aliyekimbizwa, akamwonea huruma. Alishusha magunia yake ya makaa akamwachia mwenzake, akamlaza mzee yule juu ya mbao, akamsukuma kupandisha kilima bila kujua amembeba nani. Wanawake waliokuwa wakianua nguo walidhani ni godoro kuukuu linapelekwa kwa Fundi likashonwe upya. Hakuna aliyefikiri kwamba mguu ule mwembamba unaoning'inia pembeni uliwahi kukanyaga katikati ya barabara kuu, malori yakasimama.

Fundi alikuwa barazani, kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Aliinua macho akamwona, na mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani ijapokuwa nguo ilikwisha toka chini ya sindano.

"Mdogo wangu," Mwewe alisema. "Usisimame. Malizia kazi ya watu."

"Kaka?"

"Wameniachia. Daktari wa gereza amesema mapafu yangu hayafai hata kupewa paka." Alitaka kucheka, kikohozi kikamnyang'anya kicheko. Kilipomwacha akafuta mdomo kwa mkono. "Wamenitoa nikafie kwa watu wangu. Nikajiuliza, watu wangu ni nani? Nikakuona wewe tu."

Mchukuzi alijipangusa jasho. "Mama, mzee huyu ni wako kweli? Maana njia nzima nimejiona kama nimebeba mzigo usio na mwenyewe."

"Ni wangu," alisema Fundi. "Nisaidie nimwingize ndani."

Walimshika makwapani. Fundi alikuwa amejikaza kama anayeinua jora la turubai, na mwili ule ukanyanyuka kirahisi hata nusura wamwangushe. Wakampitisha ukumbini mpaka chumba cha nyuma, palipokuwa na mabaki ya vitambaa na cherehani mbovu, na hapo juu ya marobota Fundi akamtandikia kaka yake.

*

Mume wa Fundi alikuwa kinyozi, na hadithi za Mwewe alizijua kuliko sala. Hakuzisikia kwa mkewe, ambaye hakulitaja jina lile. Alizisikia kwa wateja. Mtu akishakaa kitini na kufungwa shuka shingoni, ulimi hulegea, na katika mji ule ulimi ukilegea ulikwenda moja kwa moja kwa Mwewe.

Walisimulia ule mlima ambao malori hupanda kwa kuugua, polepole hata kobe angeyapita. Mwewe alikuwa akichomoka kwenye nyasi, anakimbia sambamba na lori, anapanda, anachana turubai kwa wembe, na maboksi yanaporomoka moja baada ya jingine huku dereva akipiga mluzi. Dereva anafika sokoni na lori linalocheza kama debe tupu. Walisimulia siku aliyovaa sare ya askari wa barabarani, akasimamisha lori la sigara, akakagua matairi kwa makini, akamkaripia dereva kwa ubovu wa breki na kumtuma kwa miguu akaripoti kituoni. Dereva alikwenda. Alitokwa jasho, akaripoti, na askari walipomuuliza lori liko wapi akawajibu, "Nimemwachia mwenzenu." Hapo wateja walicheka mpaka Kinyozi akalazimika kuinua mkasi juu. Walisema siku za mwizi ni arobaini, lakini za Mwewe zilipita huko watu wakachoka kuhesabu. Walisema alitoroka hospitali amejifunga khanga kichwani na kubeba mtoto wa watu mgongoni. Walisema hakumgusa mwanamke hata siku moja.

"Kinyozi, mbona wewe huchangii?" mmoja aliuliza.

"Mimi nina wembe mkononi. Nikicheka, utaondoka na sikio moja."

Jioni aliporudi alimkuta shemeji yake juu ya marobota. Alichukua beseni, maji ya moto na wembe mpya, akapiga magoti akamnyoa ndevu za gerezani taratibu, akivuta ngozi ya shavu kwa kidole. Alipomaliza alimwita mkewe uani.

"Fundi, ndugu ni ndugu, simfukuzi. Lakini wageni wa binti yetu wanakuja Jumapili."

"Najua."

"Mtu haendi kuposa nyumba akaonyeshwa jambazi. Wewe mwenyewe yule mchumba wako wa kwanza alikukimbia kwa sababu ya nani?"

"Kama hangekimbia, ningekupata wewe wapi?" alisema Fundi, lakini utani haukumfika mwenyewe. Alikumbuka askari wakipasua mito ya mama yao kwa visu, pamba ikitapakaa nyumba nzima, na mama akiiokota kimya kimya, kiganja kwa kiganja. "Nitamwambia asitoke. Ataelewa. Amezoea kufungiwa."

Alipojisikia akisema hivyo alijifunika mdomo.

*

Wageni walikuja Jumapili mchana. Mchumba alikuwa kijana wa duka la dawa, mtaratibu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alifuatana na mama yake, mjane wa mwalimu, mwanamke mrefu mwenye mazungumzo machache, na mjomba wake muuza matairi, ambaye alifanya mazungumzo kwa niaba ya ukoo mzima. Binti wa Fundi aliandaa chai, kifuniko cha birika kikilia kila alipomimina.

Mjomba alikisifu kiti, akaisifu chai, akamsifu Kinyozi kwa kichwa alichomnyoa mtu asiyemjua. Kisha akaanza habari za safari.

"Siku hizi barabara ni salama, mtu unalala kwenye basi mpaka unakoroma. Enzi za Mwewe ungelala? Lakini yule jamaa, tuseme ukweli, alikuwa na akili! Mmeisikia ile ya lori la sigara?"

Kinyozi alikohoa. Fundi akasogeza sahani ya maandazi. "Karibu, mjomba, ongeza."

"Anavaa sare kamili, kofia, filimbi…"

"Kaka," alisema mjane wa mwalimu, akaweka kikombe chini. "Mtu huyo asitajwe nilipo."

Mjomba alijifuta mdomo. "Nisamehe, dada. Ulimi hauna mfupa."

Mjane alimgeukia Fundi, kama mtu anayeona ni adabu kueleza. "Mama, msinione nina maringo. Sisi alitusimamisha. Alimvua mume wangu nguo zote barabarani, mbele ya basi zima. Mwanangu huyu alikuwa mdogo, tulikuwa naye. Hivyo zile hadithi wanazochekea watu, mimi siziwezi."

Kijana alikuwa akitazama mikunjo ya suruali yake. Na hapo hapo, nyuma ya pazia la ukumbini, kikohozi kikaanza. Kilianza kwa kukwaruza, kikapanda, kikawa kirefu kama mtu anayeburuta kabati sakafuni.

"Mna mgonjwa?" aliuliza mjane.

Binti alimtazama mama yake. Kinyozi alitazama birika.

"Mpangaji," alisema Fundi. "Ni mpangaji tu. Tumempa chumba cha nyuma."

"Apelekwe hospitali," kijana alisema. "Kikohozi hicho si cha kuachwa."

"Ndiyo, mwanangu. Tutampeleka."

Kikohozi kilikatika ghafla, kama kilichozibwa kwa mto, na hakikusikika tena mpaka wageni wakaaga.

Fundi alikwenda chumba cha nyuma na kikombe cha chai. Mwewe alikuwa amejikunja, kona ya blanketi bado iko mdomoni. Aliitoa.

"Mama mwenye nyumba," alisema, "samahani kwa kelele."

Kikombe kilimponyoka Fundi, chai ikamwagikia vitambaa. Akakaa chini sakafuni. "Kaka, nisamehe."

"Nini? Ulifanya vizuri. Hata mimi, siku nilipokamatwa waliniuliza nina ndugu gani. Nikasema sina. Wakanipiga, nikasema sina. Hilo ndilo jambo moja nililofanya sawasawa." Alimtazama dada yake akilia, asijue amguse au amwache. "Yule mama alikuwa anasema nini? Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimejifunika blanketi mpaka masikioni."

Fundi alimweleza: mwalimu aliyevuliwa nguo, mke, na mtoto mdogo ambaye sasa ndiye anayetaka kumwoa mpwa wake. Mwewe alisikiliza akiwa amekunja uso, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko uliotoboka.

"Basi gani hilo?" aliuliza mwishowe.

"Nitajuaje mimi?"



*

Siri ya Fundi haikukaa. Binti yake hakuweza kuimeza.

"Mama, siwezi kulala na mtu maisha yangu yote, na uongo umelala katikati yetu."

"Ukimwambia, hatakuja tena."

"Asije. Kuliko kuja asipopajua."

"Wewe humjui mjomba wako hata! Umemwona juzi. Utavunja uchumba kwa ajili ya mtu usiyemjua?"

"Si kwa ajili yake," alisema binti. "Nilikuona uso wako uliposema mpangaji."

Akaenda duka la dawa, akasubiri wateja wapungue, akasema. Alirudi macho makavu. Alichojibiwa ni kimoja tu: "Nenda nyumbani kwanza." Siku zilizofuata hakuna aliyekuja wala kutuma neno. Binti alisaidia kushona vifungo, akivishona na kuvifumua.

Kisha asubuhi moja mjane wa mwalimu akatokea barazani, peke yake, mwavuli mkononi ijapokuwa jua halijapanda.

"Karibu, mama mkwe," Fundi alisimama, sindano ikiwa bado mdomoni.

"Usiniite mkwe bado. Yuko wapi mpangaji wako?"

Neno hilo Fundi alilipokea kama kofi, na hakuwa na haki ya kulirudisha. Alifungua pazia, akamtangulia.

Mwewe alijaribu kujiinua, akashindwa. Mjane alisimama mlangoni. Alimtazama tangu miguuni mpaka kwenye kidevu kilichonyolewa, kwa muda mrefu.

"Nilidhani wewe ni mkubwa," alisema.

"Nilikuwa, mama."

"Unajua mimi ni nani?"

"Mke wa mwalimu."

"Umeambiwa, au unanikumbuka?"

Mwewe alivuta blanketi mpaka kifuani. Fundi alitoa robota moja mbele ili mgeni aketi, lakini mgeni hakuketi. Alishika mwavuli kwa mikono yote miwili akaanza kusema, bila kupandisha sauti, kama mtu aliyeyapanga maneno yale na kuyapangua maisha yake yote.

"Mlitushusha, mkatulaza kifudifudi juu ya lami, jua kali. Mlikuwa mnafungua mabegi ya wanawake. Mume wangu akainua kichwa, akasema, 'Vijana, waacheni akina mama.' Ukamwuliza kazi yake. Akasema, mwalimu. Ukasema, basi leo tufundishe. Ukamvua kila kitu, ukampandisha juu ya boneti ya basi, ukamwamuru aimbe jedwali la mbili. Akaimba. Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili, nne. Alipokosea kwa hofu, ukamwambia aanze upya."



"Watu wakacheka," mjane aliendelea. "Nyinyi mlicheka, na abiria wakacheka. Kama ni hofu iliyokuwa ikicheka au ni watu, Mungu anajua. Baada ya siku ile hakuweza kusimama darasani. Alisema akigeukia ubao anasikia kicheko mgongoni. Akaacha kazi. Akawa mtu wa kukaa ndani. Hakunipiga, hakunitukana. Siku moja tunakula akaniambia, 'Hata wewe ulicheka. Sauti yako naijua.' Niliapa. Niliapa kwa kila kitu. Akasema, sawa. Kila nilipolirudia akasema, sawa. Amekufa akisema sawa."

"Mama…" Mwewe alianza.

"Sijamaliza. Sikuja kuombwa radhi. Radhi yako siitaki, kaa nayo. Nimekuja na swali." Aliusimika mwavuli sakafuni. "Mimi najua sikucheka. Nilijua. Lakini mtu akishutumiwa jambo miaka yote, mwisho analiona. Siku hizi nikiwa peke yangu nakisikia kicheko changu. Sijui tena. Na watu wote siku ile walikuwa wameficha nyuso kwenye lami. Wenzako walikuwa kwenye mabegi; aliyesimama akitutazama ni wewe peke yako. Niambie. Nilicheka?"

Nje mtu alipita akiuza ndizi, akainadi mara tatu, akaenda zake. Mwewe alifumba macho. Fundi alidhani amezirai, akapiga hatua.

"Ulikuwa umemlalia mtoto," Mwewe alisema polepole. "Umemficha chini ya tumbo lako."

Mwavuli ulianguka. "Ndiyo," mjane alisema. "Ndiyo!"

"Kazi ile, mama, mtu hatazami mizigo. Anatazama vichwa. Kichwa kinachoinuka ndicho cha hatari. Wewe uliinua mara moja, alipokuwa juu ya boneti. Nikakutazama, nikajiuliza huyu anataka nini. Uso wako ulikuwa umelowa. Midomo umeing'ata." Alifumbua macho. "Hukucheka. Waliokuwa wakicheka walikuwa nyuma, karibu na tairi. Wewe hukucheka."

"Uso ulikuwa umelowa?"

"Chapachapa, mama."

Mjane aliketi juu ya lile robota. Alilia bila sauti, mabega yakienda juu na chini. Fundi alitaka kumshika, akaona hana mkono wa kumshika nao. Baadaye mjane alijifuta kwa ncha ya mtandio, akaokota mwavuli.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Ila asante."

Alipokuwa akitoka barazani alisimama mbele ya cherehani, akagusa sare iliyokuwa pale. "Mshono wako ni mzuri, mkwe," alisema, akashuka ngazi.

Fundi alirudi ndani mbio, moyo umemjaa. "Kaka! Kumbe ulimkumbuka!"

"Nani?"

"Yule mama. Mwalimu. Siku ile."

Mwewe aligeukia ukutani. "Habari ya mtoto si uliniambia wewe?"

Fundi akaketi juu ya lile robota.

"Simkumbuki, mdogo wangu. Yeye, wala mwalimu, wala basi. Tangu uliponieleza, nimemtafuta kichwani usiku na mchana, sioni mtu uchi juu ya boneti. Mtu nimemfanyia unyama wa namna ile, na mimi jioni yake nilikula nikashiba, nikasahau. Mabasi yalikuwa mengi. Nyuso zote zimekuwa uso mmoja."

"Sasa mbona umemwambia vile?"

"Nimempa alichokifuata." Kikohozi kilimshika, akakingoja kipite. "Na huenda ni kweli. Huenda hakucheka. Nani anajua?"

*

Kijana wa duka la dawa alikuja alasiri moja, chupa ya dawa ya kifua imefungwa kwenye gazeti. Binti alikuwa amekwenda sokoni. Kijana hakutaka kuingia ndani. Aliketi kwenye ngazi ya baraza, mgongo kwa Fundi, akawa anasikiliza cherehani.

"Mama anaimba jikoni," alisema. "Tangu nimekua sijamsikia akiimba. Ameniambia nipange siku ya harusi, nisichelewe."

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu."

"Amesema uongo, yule kaka yako."

Cherehani ilisimama.

"Mama anaimba kwa sababu ya uongo," kijana alisema. "Mimi nilikuwa chini yake. Tumbo lake lilikuwa limenilalia mgongoni, na lilikuwa linatikisika. Watu wanacheka, na tumbo la mama linatikisika. Nilikuwa mdogo, lakini hilo halijanitoka; hata sasa nikikaa hivi nalisikia hapa." Alipeleka mkono nyuma, akajigusa chini ya shingo. "Baba alisema kweli. Nilimsikia akimwambia, na yeye akiapa, na mimi nipo pale nakula wali wangu, najua. Sikusema. Sikumwambia yeyote mpaka leo."

Fundi alikata uzi kwa meno. Aliwaza mambo mengi, lakini kila moja lilikuwa la kujitetea. Mwisho akatoa lililo karibu.

"Mwanangu, mimi nimelia sana katika maisha yangu. Machozi mengine ni ya huyo aliyelala humo ndani. Mama yetu alikuwa hataki kusikia kilio, kwa hiyo nilijifunza kukibana. Unajua ukibana kilio kinakwenda wapi? Kinashuka tumboni. Tumbo linatikisika vilevile."

Kijana aligeuka.

"Vilevile?"

"Hata ukimwekea mtu mkono hutajua ni kilio au ni kicheko."

Alimtazama Fundi kwa macho makali, kama anayesoma maandishi madogo kwenye chupa. Fundi hakuyakwepa. Kama alichosema ni kweli kwa watu wote au kwake tu, hakujua. Kama mjane wa mwalimu alicheka au alilia, hakujua, na sasa hapakuwa na mtu duniani wa kumwuliza. Lakini yule kijana alishusha pumzi, pumzi ndefu, ya mtoto.

"Sikuliwaza hilo," alisema. "Sikuliwaza kabisa."

Akainuka, akachukua chupa yake, akaingia ndani mwenyewe. Fundi alimfuata. Kijana alimwaga dawa kwenye kijiko, akapitisha mkono chini ya kichwa cha mgonjwa, akakiinua.

"Nani huyu?" Mwewe aliuliza. Macho yalikuwa yamekwisha punguka nuru.

"Mchumba wa mpwa wako," Fundi alisema.

"Mtoto wa mwalimu?"

"Ndiye."

Mwewe alijaribu kukiondoa kichwa chake kwenye mkono ule. Hakuwa na nguvu. "Niweke chini, mwanangu. Usijichoshe mkono kwa mtu kama mimi."

Kijana alikaza mkono. Hakumweka chini mpaka kijiko kilipokwisha.

*

Mwewe alifariki kabla ya mvua kuanza, mchana, watoto wa shule wakipita barabarani na sare za Fundi. Hapakuwa na bunduki wala kukimbizana. Aliomba maji, na maji yalipoletwa hakuyahitaji tena.

Habari ilitangulia kwa kinyozi ikarudi imenenepa. Wengine walisema aliyekufa si yeye, Mwewe halisi yuko nchi ya pili ana mabasi yake. Wateja kadhaa walikuja makaburini kwa ajili ya kuhakikisha, wakasimama mbali mikono mifukoni. Mmoja alimsogelea Kinyozi, akamnong'oneza, "Kumbe shemeji yako! Na sisi tunakusimulia wewe!" Kinyozi alimwambia, "Jumamosi njoo, ndevu zimekuota," akarudi kwenye koleo.

Waliomlilia walikuwa wachache. Fundi alikuwa amebana kilio kama alivyozoea. Binti yake alisimama kando ya mchumba wake, mabega yao yakigusana. Harusi yao ilikuwa imekwisha pangiwa siku, na hakuna aliyeitaja.

Mtu aliyelia kwa sauti, mpaka watu wakageuka, alikuwa mjane wa mwalimu. Alilia akiwa amesimama wima, mwavuli umefungwa mkononi, machozi yakimchuruzika mpaka shingoni wala hayafuti. Jirani mmoja, mwanamke asiyejua habari, alimwonea huruma, akamshika kiwiko.

"Pole, mama. Marehemu alikuwa nani wako?"

Mjane alivuta pumzi, akatazama jeneza linavyoshuka kwa kamba.

"Alikuwa shahidi wangu," alisema. "Sikuwa na mwingine."

Fundi alikuwa karibu, alisikia. Alivuta khanga mpaka machoni, akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili.